Sura ya 4: Klesha Tano katika Chumba cha Unasihi

Ukitaja yoga, wengi hufikiria kunyoosha viungo. Lakini Yoga Sutra ya Patanjali, iliyotungwa India zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, ina vifungu vipatavyo 195, na vinavyoeleza mkao wa mwili ni vitatu tu. Kwa sehemu kubwa kitabu hicho kinachunguza akili: inavyotangatanga, inavyojidanganya, inavyoumia na inavyotulia.

Vyasa, mfafanuzi wake wa kale, anasema elimu hii ina sehemu nne kama utabibu: ugonjwa, chanzo chake, afya na tiba. Mnasihi aanzie kwenye chanzo. Patanjali anataja klesha tano, yaani mambo yanayoitesa akili.

Tuseme amekujia mama aliyeachishwa kazi baada ya miaka mingi ya utumishi. Alidhani cheo kile ni cha kudumu. Kukiona kipitacho kuwa cha milele ni avidya, mzizi wa klesha zote. Sasa anasema, "Mimi si kitu tena," kwa sababu cheo na nafsi yake vilikwisha kuwa kitu kimoja. Hiyo ni asmita. Anatamani heshima aliyozoea: raga. Hataki hata kusikia jina la bosi wake: dvesha. Usiku anashtuka kwa hofu ya maisha yake kukatika: abhinivesha.

Klesha, asema Patanjali, inaweza kulala, kufifia, kukatizwa na nyingine, au kuwaka wazi. Kwa hiyo mteja anayelia leo bila hasira hajamaliza hasira yake. Huenda huzuni imeifunika tu, na mnasihi makini huisubiri.

Katika tiba, Patanjali anafundisha pratipaksha bhavana: wazo la kudhuru linapokuja, mtu atafakari matunda yake, kisha akuze wazo la kinyume chake. Hapa anakaribiana na tiba ya utambuzi aliyoianzisha Aaron Beck nchini Marekani katika miaka ya 1960. Ila Beck humuuliza mteja, "Una ushahidi gani?" Patanjali humuuliza, "Wazo hili linakupeleka wapi?" Mama yetu anahitaji maswali yote mawili.

Mwili nao una nafasi yake. Mwaka 2014, Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wanawake 64 wenye ugonjwa sugu wa msongo baada ya kiwewe (PTSD). Baada ya majuma 10, takriban asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, ikilinganishwa na asilimia 21 ya kundi la pili, ambalo halikufanya yoga.

Hata hivyo, malengo hayafanani. Patanjali anatafuta kaivalya, nafsi kujitenga kabisa na maumbile. Mteja anatafuta nguvu za kuishi na watoto wake, majirani zake na kazi yake. Kumwambia mfiwa aachilie tu kabla hajaomboleza ni ukatili, hata ukitumia maneno matakatifu. Na mgonjwa anayesikia sauti au anayetaka kujiua anahitaji daktari kwanza.

Basi, mnasihi, msikilize mteja wako kabla ya kuitaja klesha yoyote. Ukisha kumsikia, msaidie kutambua kwamba hofu anayoiona ndani yake siyo yeye mwenyewe. Tiba ya Patanjali inaanzia hapo.