UTAMU WA MANENO NA UZITO WA HOJA KATIKA INSHA



Insha nyingi za wanafunzi hujaa methali, tashbihi na misemo ya kupendeza, lakini msomaji akifika mwisho hajui mwandishi alitaka nini, wala kwa sababu gani. Nyingine zina hoja nzuri, ila zimeandikwa ovyo hata msomaji huchoka njiani. Je, kipi kitangulie: utamu wa maneno au uzito wa hoja?

Uislamu haukukataza ufasaha. Qur'ani Tukufu yenyewe iliwashinda mabingwa wa lugha ya Kiarabu. Lakini Qur'ani hiyo hiyo (2:111) inawataka wenye kudai jambo walete dalili zao kama ni wakweli. Na katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) anatutahadharisha kwamba watu wawili huja kwake na ugomvi wao, na huenda mmoja ni hodari zaidi wa kujieleza, naye akahukumu kwa kadiri anavyosikia. Basi atakayepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo amepewa kipande cha moto.

Fundisho ni kubwa. Ulimi mtamu unaweza kuivalisha batili nguo ya haki. Kwa hiyo kalamu ni amana, hata katika insha ya darasani.

Waandishi wetu wakubwa walilijua hilo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) alikuwa mwanachuoni wa Kiarabu, lakini alipoanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, aliwaandikia Waislamu wa pwani kwa Kiswahili ili wamwelewe. Alitaka kuwashawishi wabadilike, waache israfu na wasomeshe watoto wao. Mtu haachi mazoea yake kwa kusifiwa lugha. Huyaacha akioneshwa sababu. Naye Shaaban Robert (1909–1962), ambaye utamu wa lugha yake unajulikana kote, hutumia uzuri huo kufundisha adili. Maneno yake hupamba fikra iliyokwishakuwepo.

Tuchukue mfano. Wanafunzi wawili wa hapa Kimara wanaandika kuomba madrasa ianze baada ya swala ya Alasiri badala ya saa nane na nusu mchana. Wa kwanza anasema elimu ni bahari, elimu ni taa, na wakati ni mali. Yote kweli, lakini hakuna hata moja linaloonesha kwa nini saa zibadilishwe. Wa pili anaeleza kwamba shuleni hutoka saa nane, hutembea nusu saa, na bado hajala. Kisha anajibu pingamizi: watoto wadogo watachelewa kurudi, nao huvuka Barabara ya Morogoro. Basi anapendekeza wadogo wabaki na saa zao za zamani. Huyu hata asipotia methali moja, mwalimu atamsikiliza.

Kwa hiyo tunawausia yafuatayo:

(a) Kabla ya kuandika, sema dai lako kwa sentensi moja. Ukishindwa, bado hujawa tayari.
(b) Kila dai lifuatwe na sababu au mfano.
(c) Taja hoja ya anayekupinga kwa uadilifu, kisha ijibu.
(d) Ukimaliza, funika mapambo yote kwa mkono. Kama kilichobaki hakisimami, rudi kwenye (a).
(e) Hapo ndipo uchague maneno mazuri. Methali inayoangaza hoja iache. Inayoziba pengo iondoe.

Nanyi wazazi, mtoto akiwasomea insha yake, msimsifu kwa maneno makubwa tu. Muulizeni: "Kwa nini?" Swali hilo moja litamjenga kuliko makofi mengi.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie ndimi fasaha na nyoyo zenye kupenda haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.