Kufundisha Somo la Maji ya Mvua Katika Uwanja wa Shule

Mwalimu mwanafunzi anayepelekwa Buguruni kwa mazoezi ya kufundisha katika miezi ya masika hana haja ya kutafuta mbali zana za somo la maji. Mvua ikinyesha kwa saa moja, zana hizo hupita mbele ya mlango wa darasa: maji yenye udongo na takataka, yakikimbilia barabarani na hatimaye bondeni. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita kandokando ya Buguruni na Jangwani, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Salenda.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo, mwalimu akumbuke kwamba mbele yake huenda ameketi mtoto ambaye maji yamewahi kuingia nyumbani kwao. Asianze kwa kuuliza, "Kwa nini watu hujenga mabondeni?" Swali hilo humtia mtoto aibu. Aulize, "Maji haya yametoka wapi?" Jibu litaanzia uwanjani pao.

Kwanza, hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1. Uwanja wa meta za mraba 1,000, ukinyeshewa milimita 50, hupokea lita 50,000, yaani mapipa 250 ya lita 200. Wanafunzi wapime uwanja wao kwa kamba na wakokotoe wenyewe.

Pili, jaribio. Chukua makopo mawili yanayolingana, uyaondoe vifuniko na vitako. Kandamiza moja ardhini, kina cha vidole viwili, mahali panapofagiliwa kila asubuhi. Jingine lisimamishe penye ukoka chini ya mti. Kabla ya kumimina maji, kila mwanafunzi akisie ni wapi yatazama upesi. Mimina kipimo kilekile katika yote mawili, mhesabu dakika. Kwa kawaida penye nyasi hushinda. Mizizi na nyungunyungu hufungua vitundu ardhini, na majani makavu hupunguza kishindo cha matone. Fagio na nyayo huacha ardhi tupu iliyoshindiliwa.

Hapo wanafunzi wataona upungufu wa jibu tulilozoea, "Tuchimbe mtaro." Mtaro unahitajika, lakini mtaro peke yake humkabidhi jirani wa chini mzigo wetu. Kanuni iliyo bora ni kupunguza mwendo wa maji, kuyaeneza na kuyapenyeza. Hata mataifa yenye viwanda vikubwa yameirudia kanuni hiyo: mwaka 2015 China ilichagua miji 16 ya majaribio ili ardhi yake inywe mvua kama sifongo.

Tatu, kazi ya mikono. Darasa liweke makinga maji yanayokata mteremko, lipande juu yake ukoka au mchaichai, na lichimbe beseni pana lisilo na kina kirefu mahali maji yanapokusanyika. Beseni likae mbali na vyoo, visima na misingi ya majengo. Maji yazame katika muda wa siku mbili, kwani mbu huhitaji takriban juma moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka. Yakituama, yafunguliwe njia. Karibu na bonde, ambako maji ya ardhini hayako mbali, beseni halifai. Afadhali nyasi, pamoja na tangi la kukinga maji ya paa.

Katika kupima maarifa, mwalimu asidai maelezo ya kukariri. Kila mwanafunzi achore ramani ya uwanja, aonyeshe kwa mishale njia ya maji kabla na baada ya kazi.

Mwalimu asiwaahidi watoto kwamba uwanja mmoja utazuia mafuriko ya Msimbazi. Hautazuia. Utapunguza tu sehemu yetu, na hilo linatosha kuwa somo. Ugumu mkubwa huenda ukawa fagio: uwanja mweupe huhesabiwa kuwa ndio usafi. Kabla ya kuomba sehemu fulani iachwe iote nyasi, mwalimu mwanafunzi amwalike mwalimu mkuu aje ayatazame makopo mawili.