Damu yetu ikisema neno tusilouliza

Munganga wa utafiti anafika, anatosha damu, tunatia sahihi, anaenda. Anatafuta malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Kisha katika damu ileile anaona jambo lingine: mwenye damu anaweza kupata ugonjwa wa figo. Je, arudi amwambie?

Si hadithi ya kutunga. Mradi wa TrypanoGEN ulikusanya damu katika nchi kadhaa za Afrika, Kongo yetu ikiwemo. Mwaka 2017 watafiti wake walitangaza habari za jeni inayoitwa APOL1. Umbo lake moja, G2, linawakinga watu wa Uganda na malale ya huko. Lakini mutu aliyerithi maumbo ya hatari ya jeni hiyo kwa baba na kwa mama, figo zake ziko hatarini kuliko za wengine. Si wote wanaougua. Wengi wanazeeka salama.

Wako wanaosema: mumuache, mutamtia hofu bure. Mutu anashinda shimoni, kupata pesa ya gari ya kufika Baraka ni shida, na mashine ya kusafisha damu iko mbali na bei yake kali. Neno hilo lina uzito.

Hata hivyo, siye tunaona aambiwe. Kupima presha na mukojo hakuhitaji hopitali kubwa. Presha ikishikwa mapema, figo zinadumu. Tena atajua kujihazari na vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, vile tunavyomeza mugongo ukiuma, maana vinaumiza figo. Kumnyamazia ni kumunyima nafasi.

Kuna habari za namna nyingine. Wakipima anemia SS, baba AA, mama AA, mutoto anatoka AS: mara nyingi maana yake ni kwamba baba wa damu ni mwingine. Habari hiyo haiponyi mutu, inaweza kuvunja nyumba. Hapo hatuoni sababu ya mutafiti kusema.

Kwa hiyo mambo yapangwe mbele ya sindano. Kabla ya kutoa mukono, tuulize: « Munganga, mukiona kitu ingine mu damu yangu, mutaniambia? Mutaniambia miye peke yangu? Na kisha nitatunzwa wapi? » Na asiyetaka kujua, aandikwe vilevile. Akikosa kujibu, turudishe mukono mufukoni. Damu ni yetu.