KOMPYUTA MOJA ILIYOSALIA GHANA

Tarehe 27 Juni, 2017, kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk, yenye makao yake makuu Copenhagen, Denmark, zilizimika moja baada ya nyingine. Programu haribifu iitwayo NotPetya ilikuwa imepenya kwa njia ya programu ya uhasibu itumiwayo nchini Ukraine. Malango ya bandari kadhaa yakafungwa, malori yakapanga foleni. Mwezi Februari 2018 Marekani na Uingereza ziliilaumu Urusi, nayo ikakana.

Kampuni kubwa kama hiyo haiwezi kumtuma fundi ofisi hadi ofisi akiweka kanuni za usalama: nani aruhusiwe kuingia, neno la siri liwe na herufi ngapi, programu gani ipigwe marufuku. Kanuni huandikwa mara moja katika kompyuta kuu, ambayo pia hutunza daftari la watumiaji wote. Katika mfumo wa Windows, kila kompyuta ya mezani huiuliza kompyuta kuu, kwa kawaida kila baada ya dakika 90 hadi 120, kama kuna amri mpya, kisha huitii. Manufaa yake hayana ubishi, kwani mfanyakazi aliyeachishwa kazi hufutwa katika daftari moja, na milango yote ikamfungia.

Lakini utii huo hauchagui bwana. NotPetya iliiba maneno ya siri yaliyobaki katika kumbukumbu ya kompyuta moja na kuyatumia kuingia katika nyingine. Kwa mujibu wa taarifa ya jarida la Wired ya mwaka 2018, Maersk ilikuwa na kompyuta kuu zipatazo 150, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake. Kumbe zote zilikuwa katika mtandao mmoja! Kinga dhidi ya kuharibika kwa moja haikuwa kinga dhidi ya kufutwa kwa zote.

Ikasalia moja tu, huko Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio. Njia ya mawasiliano ilikuwa nyembamba mno kupitisha daftari hilo, na hapakuwa na mfanyakazi wa Ghana mwenye viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akasafiri hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski hiyo uwanjani, naye akaipeleka Uingereza.

Mwenyekiti wa Maersk, Jim Hagemann Snabe, alieleza huko Davos mwezi Januari 2018 kwamba kompyuta 45,000 na seva 4,000 zilisimikwa upya kwa siku 10. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 250 hadi 300.