Umeme wa Mwili na Suala la Roho

Wapo watu duniani wapigao picha za vidole, wakaonyesha nuru iliyovizunguka, kisha wakadai kuwa hiyo ndiyo roho, na kwamba kwa kuitazama wao huyajua maradhi. Mgonjwa hulipa, akarudi nyumbani, akaacha dawa zake. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe.

Kwamba viumbe hai wana umeme, hapana shaka. Katika mto Nile yumo kambare ambaye mvuvi akimgusa mkono hufa ganzi. Waarabu walimpa jina litokanalo na radi. Umeme wake waweza kufika volti 350. Wetu sisi ni hafifu mno: ule wa moyo, ukipimwa juu ya ngozi ya kifua, ni kama sehemu moja katika elfu ya volti. Mholanzi Willem Einthoven alibuni chombo cha kuuandika, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, na kipimo hicho kingali chatumika hospitalini. Mwaka 1929 Mjerumani Hans Berger alitangaza habari za umeme wa ubongo. Yeye alitarajia kuthibitisha kuwa fikira husafiri toka kwa mtu hata kwa mwingine. Hilo hakulipata. Alipata mawimbi, ambayo leo madaktari huyatazama wachunguzapo kifafa.

Ama picha za nuru, zilianza na Semyon Kirlian, fundi wa Urusi, mwaka 1939. Kidole huwekwa juu ya filamu, na chini yake bamba lenye umeme mkali. Umeme wa mashine ndio uwakao pembezoni mwa kidole, na unyevu wa jasho huubadili mng'ao. Sarafu nayo hung'aa vivyo hivyo, nasi hatujamsikia aliyedai kuwa shilingi ina roho!

Hata hivyo tusimcheke mwenye kuuliza. Mtaalamu aweza kuonyesha ni sehemu ipi ya ubongo iamkayo mtu asikiapo sauti ya mamaye. Vipi umeme huo ukawa hamu na huzuni, hakuna aliyebainisha. Na kuhusu roho yenyewe, Suratul Israa, aya ya 85, imekwisha kutuonyesha mpaka wa elimu yetu ulipo.

Basi ambaye moyo wamwenda mbio na aende hospitali, akapimwe kwa chombo cha Einthoven. Na auziwaye picha ya nuru, amwulize kwanza muuzaji: kidole kilikuwa kikavu, au kilikuwa na jasho?