Fahamu: Kwa nini safari ya New York huchukua muda zaidi kwenda kuliko kurudi

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa John F. Kennedy, New York, ni takriban kilomita 11,800 kwa njia iliyo fupi zaidi. Kenya Airways ilianzisha safari za moja kwa moja Oktoba 2018. Kwenda huchukua kama saa 15, kurudi kama 14.

Umbali ni uleule. Tofauti huletwa na upepo. Kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, juu ya Atlantiki ya Kaskazini, huvuma mkondo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayoelekea Marekani hupambana nao. Inayorudi husukumwa nao, kama jahazi lililopata upepo wa tanga. Majira ya baridi ya huko, mkondo huo huzidi nguvu.

Saa za kwenye tiketi huwachanganya wengi, na si ajabu: kila moja ni ya mahali husika, na Nairobi iko mbele kwa saa 7 au 8 kulingana na msimu. Ukiruka saa sita usiku, utatua saa moja au mbili asubuhi. Anayekuja kukupokea mpe saa ya New York.