Mpaka wa Ziwa Nyasa na Asili ya Ugomvi Wake

Yamkini msomaji wa Dodoma, au wa Mpwapwa, au wa Kondoa, atauliza: sisi watu wa uwanda mkavu, tunaongojea msimu mmoja wa mvua kwa mwaka na kuyapima maji kwa mtungi, tuna shauri gani na ziwa lililo mbali nasi upande wa kusini? Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu kwa mambo mawili. La kwanza, ni hapa hapa Dodoma, katika kikao cha Bunge cha Agosti 2012, ambapo habari ya mpaka wa ziwa hilo ilisomwa mbele ya taifa zima, na watu wengi wakasikia kwa mara ya kwanza kwamba nchi mbili jirani hazipatani juu yake. La pili, karatasi ile iliyouchora mpaka wa ziwa ndiyo iliyoitia nchi ya Ugogo katika mikono ya Wajerumani. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua jinsi ziwa lilivyogawanywa hana budi kujua pia jinsi nchi yake mwenyewe ilivyogawanywa.

Ziwa lenyewe ni kubwa. Urefu wake hupita kilometa 550, na kina chake hufika kama mita 700, hata sehemu ya chini yake iko chini kuliko usawa wa bahari. Watanzania huliita Ziwa Nyasa, na Wamalawi huliita Ziwa Malawi. Neno “nyasa” katika lugha za watu wa huko maana yake ni ziwa tu. Basi tusemapo Ziwa Nyasa twasema “Ziwa Ziwa”. Lakini majina nayo yamekuwa silaha katika ugomvi huu, kwa maana alitajaye kwa jina moja huhesabiwa kuwa amekwisha kuchagua upande.

Sasa twende katika mwaka 1890. Mwezi wa Juni mwaka ule watu wawili walikutana Mpwapwa, ambako Wajerumani walikuwa wamejenga boma lao mwaka uliotangulia. Mmoja alikuwa Carl Peters, akirudi kutoka Uganda na mkataba alioupata kwa Kabaka Mwanga. Njiani alikuwa amepigana na Wagogo na kuchoma vijiji vyao. Wa pili alikuwa Emin Pasha, akienda bara kwa kazi ya Wajerumani. Kila mmoja alidhani anaiongezea Ujerumani nchi. Walakini wakati ule ule mabwana wakubwa wa Ulaya walikuwa wakiandikiana, na tarehe 1 Julai 1890 wakatia sahihi mapatano mjini Berlin. Uganda ikaenda kwa Waingereza, na mkataba wa Peters ukawa karatasi tupu. Waingereza wakapata himaya ya Unguja na Pemba. Wajerumani wakapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, nao wakakubaliwa nchi yote ya bara mpaka mipaka ya Kongo. Mgogo aliyekuwa akipalilia uwele wake hakuulizwa neno, wala Mnyasa, wala Mkisi, wala Mnyakyusa.

Katika mapatano hayo kifungu cha kwanza ndicho kilichozaa ugomvi wetu. Kilisema kwamba mpaka wa kusini wa nchi ya Wajerumani utafuata mto Ruvuma, kisha utakwenda magharibi mpaka ufuko wa Ziwa Nyasa. Hapo utageuka kaskazini na kufuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi, hata kufika ukingo wa kaskazini wa mlango wa mto Songwe. Hakuna neno lililosema katikati ya maji. Kwa maandishi hayo Wajerumani walipata nchi kavu na mchanga, na maji yote yakabaki kwa Waingereza.

Mtu atashangaa, kwa sababu maziwa mengine hayakukatwa hivyo. Viktoria lilikatwa kwa mstari wa nyuzi moja kusini ya ikweta, na Tanganyika likagawanywa katikati baina ya Wajerumani na Kongo. Kwa nini Nyasa peke yake? Sababu yake ni Waskoti. Tangu Livingstone alipolifikia ziwa mwaka 1859, watu wa Scotland waliliona kama amana yao. Mwaka 1875 wamisionari wao waliingiza humo meli ndogo ya moshi iliyoitwa Ilala, na miaka mitatu baadaye ikaundwa kampuni ya biashara iliyoshirikiana nao, African Lakes Company. Serikali ya Lord Salisbury haikuthubutu kurudi nyumbani na habari kwamba imetoa nusu ya ziwa hilo. Kwa hiyo tusidhani mstari ule ulitokana na desturi za wenyeji au na umbo la nchi. Ulitokana na hofu ya waziri mmoja mbele ya makanisa na wapiga kura wake.

Hapa twamwomba msomaji wa Dodoma afikiri mbuga ya Bahi. Mwaka wa mvua nyingi mto Bubu huijaza, na maji hutanda mbali. Mwaka wa njaa hukauka, na ng’ombe hulisha mahali ambapo jana palikuwa na samaki. Je, watu wawili wakipatana kwamba mali ya mmoja inakoma pale maji yanapoanza, watapatana mwaka gani? Ziwa Nyasa halikauki kama Bahi, lakini usawa wake nao hupanda na kushuka. Yapata mwaka 1915 maji yalishuka hata mto Shire, unaoyatoa ziwani, ukaacha kutoka kwa miaka kama 20, mpaka maji yalipopanda tena. Mpaka wa ufuko basi ni mpaka wenye miguu. Na mtu wa Mbamba Bay, au Manda, au Matema, akiingia majini kunawa uso, kwa maandishi ya 1890 amekwisha kutoka katika nchi yake.

Je, Wajerumani wenyewe, au Wadachi kama wazee walivyozoea kuwaita, waliufuata mstari huo? Kwa matendo yao hawakuufuata sana. Walikuwa na meli yao ziwani, Hermann von Wissmann, nayo ilisafiri na kutia nanga kama mwenye haki, wala Waingereza hawakuizuia. Vita ya kwanza ilipozuka mwaka 1914, ni ziwa hilo lililoona mapigano ya kwanza kabisa ya majini: meli ya Waingereza, Gwendolen, ilivuka mwezi wa Agosti na kuipiga Wissmann mahali paitwapo Sphinxhaven, ambapo leo ni Liuli, huku meli hiyo imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, na nahodha wake hajapata hata habari kwamba kuna vita.

Baada ya vita Tanganyika ikawa chini ya Waingereza kwa amana ya Shirika la Mataifa, na Nyasaland ilikuwa yao tangu zamani. Hapo ndipo mambo yalipochafuka. Ramani na taarifa kadhaa za miaka baina ya vita mbili zilionyesha mpaka ukipita katikati ya ziwa. Nyingine, hasa za miaka ya baadaye, ziliurudisha ufukweni. Wanaoitetea Tanzania husema: tazameni, mtawala mwenyewe alikiri kwamba mpaka uko katikati. Wanaoitetea Malawi hujibu kwamba ramani si mkataba, na mchoraji hawezi kuhamisha nchi kwa kalamu. Kwa maoni yetu jambo kubwa ni hili, kwamba bwana mmoja alikuwa akizitawala pande zote mbili, naye hakuwa na haja ya kuuliza ukuta uko wapi. Ramani zake zilitengenezwa na makarani ambao kosa lao halikumgharimu mtu yeyote wakati ule.

Mahali alipokuwapo jirani mwingine, mambo yalikwenda vingine. Wareno wa Msumbiji nao walikuwa wamewekewa mpaka wa ufuko katika mkataba wa 1891. Lakini mwaka 1954 Waingereza walipatana nao kuusogeza mpaka hata katikati ya ziwa, illa visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki vya Nyasaland ingawa viko karibu kabisa na Msumbiji, kwa sababu misheni ya UMCA ilikuwa na makao yake Likoma tangu miaka ya 1880. Kwa hiyo ukienda kusini kutoka Liuli hata kuingia Msumbiji, mpaka ulio na mabishano unakoma, na unaanza mpaka wa katikati usiobishaniwa. Jambo hili twaliona kuwa ni hoja nzuri kwa Tanzania, nayo yakata pande mbili: laonyesha kwamba mpaka wa ufuko waweza kubadilishwa, na pia kwamba hubadilishwa kwa mapatano.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Malawi tarehe 6 Julai 1964. Katika miaka ya kuelekea uhuru swali la ziwa liliulizwa barazani Dar es Salaam, na jibu la serikali lilikuwa kwamba mpaka uko ufukweni. Kisha Julai 1964 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Cairo na kuazimu kwamba kila nchi iiheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Aliyelitetea azimio hilo kwa nguvu alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Sababu yake ilikuwa ya busara, kwa maana bara zima lingewaka moto kama kila mtu angedai nchi ya babu yake. Lakini azimio hilo hilo ndilo ngao ambayo Malawi huishika mpaka leo.

Januari 1967 Tanzania iliiandikia Malawi kwamba mpaka ni katikati ya ziwa. Rais Kamuzu Banda alikataa. Wakati ule nchi hizi hazikuwa rafiki kwa mambo mengine: Malawi ilifanya urafiki na Wareno na Afrika ya Kusini, na Tanzania iliwapa hifadhi wanasiasa wa Malawi waliomkimbia Banda baada ya mgawanyiko wa baraza lake la mawaziri mwaka 1964. Septemba 1968 Banda alivuka kiasi, akadai kwamba hata nchi kavu ya Songea, Njombe na Mbeya ilikuwa ya Malawi kwa asili, kwa habari za dola ya kale ya Maravi. Hatuwezi kuuacha mkanganyo huo upite bila kuutaja. Mtu hawezi kushika mapatano ya 1890 kwa mkono mmoja kwa kuwa yanampa maji, na kuyatupa kwa mkono wa pili kwa kuwa yanamnyima nchi kavu.

Basi haki iko wapi? Tukisoma maneno ya 1890 peke yake, yanaielekea Malawi, wala haifai kumficha msomaji jambo hilo. Tanzania hutegemea kifungu cha sita cha mapatano hayo, kilichoruhusu mistari irekebishwe kwa mapatano kulingana na mahitaji ya mahali. Hutegemea tena ramani, desturi ya mataifa ya kugawana maziwa katikati, na matumizi ya wenyeji ambao hawakupata kuacha kuvua. Mapatano haya haya yalipata kufikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Hague kwa sababu ya kisiwa cha Kasikili, au Sedudu, katika mto Chobe baina ya Botswana na Namibia. Mwaka 1999 mahakama ilitazama kwanza maana ya maneno yaliyoandikwa, nayo ikaipa Botswana kisiwa. Walakini ikasema pia kwamba vyombo vya pande zote mbili viendelee kupita pande zote za kisiwa. Twadhani hukumu hiyo inastahili kusomwa na kila anayesema kwamba kesi ya Nyasa ni nyepesi.

Ugomvi ulilala miaka mingi, ukaamshwa na mafuta. Mwaka 2011 Malawi iliipa kampuni ya Surestream ya Uingereza ruhusa ya kuyatafuta ziwani. Mwaka uliofuata, Rais Joyce Banda akiwa madarakani Malawi, Bwana Bernard Membe, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Tanzania wakati ule, alisimama Bungeni Dodoma akayataka makampuni yaache kutafuta katika sehemu inayobishaniwa. Baadaye shauri likapelekwa kwa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, pamoja na Thabo Mbeki na Festus Mogae. Mapatano ya mwisho hayakupatikana.

Katika muda huo wote ziwa limetumika. MV Songea na MV Iringa zilisafiri kutoka Itungi hata Mbamba Bay, wanawake wa Kikisi wamevusha vyungu vyao kwa mitumbwi, na wavuvi wametoka usiku na taa zao kutafuta dagaa bila kuuliza latitudo. Na kwenye mto Songwe, ambao kila mafuriko huuhamisha na kuliacha shamba la mtu wa Kyela ng’ambo ya Malawi, serikali hizi mbili zimeweza kukaa meza moja: mwaka 2017 zilitia sahihi mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo, ili kingo zake zitulizwe na mpaka usiendelee kutembea. Mlango wa mto huo ndipo mstari wa 1890 ulipouacha ufuko wa ziwa.